Gundi ya mbao ilivyozirudishia sauti santuri za baba mkubwa

Santuri ikikaa miaka sandukuni, vumbi haliishii juu. Linaingia kwenye mifereji, linashikana na mafuta ya vidole na moshi wa jikoni, kisha unyevunyevu unaligandisha humohumo. Sisi wa Mwanza tuna la ziada: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja usiku kwa makundi wakifuata taa. Nilipozitoa santuri za baba mkubwa kwenye majalada yake niliwakuta wamekauka, mabawa yamenasa kwenye mifereji. Kitambaa na maji ya sabuni huondoa kile unachokiona kwa macho. Kilichoko chini kabisa hubaki, pengine kikasukumwa ndani zaidi, na sindano ikipita pale unasikia mikwaruzo mahali pa gitaa.

Santuri hizi si vitu vya kutupa. Baba mkubwa alifanya kazi kwenye meli za ziwani enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na kila meli ilipotia nanga Kisumu alishuka kununua santuri za 45, zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Bendi zetu wakati huo zilirekodiwa Radio Tanzania, au zilisafiri hadi Nairobi, na santuri zenyewe zikachapwa hukohuko Kenya. Kwa hiyo Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Jamhuri Jazz walimfikia mtu wa Mwanza kwa kuzunguka hadi nchi jirani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo ikakatika, na alizokuwa nazo ndizo zikawa hizohizo. Baadhi ya nyimbo zilizomo sijazisikia tena popote, redioni wala mtandaoni.

Nilipomwambia nataka kuzipaka gundi, alinitazama kwa muda.

“Mwanangu, unataka kuzisafisha au kuzibandika?”

“Baba, nipe kwanza ile yenye ufa. Ikiharibika hatujapoteza kitu.”

Akanipa, ila hakutoka pale nilipokuwa nafanyia.

Gundi yenyewe ni ile nyeupe ya maseremala, inayouzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Ni polivinili asetati iliyochanganywa na maji. Mbao ina vitundu, gundi inazama ndani yake na kushika. Santuri ya 45 ni plastiki laini isiyo na vitundu. Gundi inaingia kwenye mifereji, inalishika vumbi, ikikauka inageuka utando unaobanduka na uchafu wote. Gundi ya viatu usiiguse kabisa, wala zile za kukauka papo hapo. Ile ya viatu ina dawa zinazoyeyusha plastiki, na hizo nyingine zikishika hazibanduki.

Santuri niliiweka juu ya kopo la maziwa ya unga, ile lebo ya katikati ikikaa kwenye kifuniko, ili mifereji ya chini isiguse meza. Nikamimina gundi kwa kuzungusha, nikaisambaza kwa kadi ya zamani ya plastiki huku mkono wa kushoto ukizungusha kopo polepole. Unafuata mfereji, hukati katikati yake. Utando uwe mnene kiasi cha kutoona rangi nyeusi chini yake. Hapa ndipo wengi wanapobania gundi, na ukibania, utando unakatika vipandevipande wakati wa kubandua na utahangaika na kila kipande kwa ukucha. Ikitokea hivyo, paka gundi nyingine juu ya mabaki, ngoja ikauke, itayachukua. Kwenye lebo acha nafasi ndogo bila kupaka, maana ile ni karatasi, gundi ikiifikia itaondoka nayo. Pembeni napo usiiache imwagike upande wa pili.

Halafu ni kusubiri. Kiangazi, ukipaka jioni, kesho yake mchana iko tayari. Masika huchelewa sana, na dalili ni rangi: palipobaki na weupe bado pana maji. Nilishawishika kuitoa nje juani, kwa kuwa mawe ya kwetu hapa yakishika joto yanakausha hata dagaa kabla ya saa sita, lakini jua linaikunja santuri na ikishakunjika imekwenda. Niliiacha ndani, dirisha wazi, imefunikwa kwa chandarua kuzuia vumbi jipya.

Gundi ilipokuwa angavu kama kioo niliinua ukingo kwa kucha, nikavuta taratibu kuelekea katikati. Inatoa mlio wa kuchanika, na utando unatoka mzima. Niliunyanyua dirishani. Mifereji yote imejichora juu yake, mstari kwa mstari, na katikati ya mistari kuna vumbi la kahawia, nyuzi za kitambaa na mguu mmoja wa mdudu. Baba mkubwa aliuchukua, akaugeuzageuza, akaenda kuleta sanduku lote.

Santuri ikishabanduliwa inakuwa na umeme tuli na huvuta vumbi haraka, kwa hiyo ipitishie kitambaa kisafi chenye unyevu kidogo sana kabla ya kuiweka kwenye pleya. Futa na sindano pia.

Nisikudanganye kuhusu mikwaruzo. Pale sindano mbovu ilipochimba, gundi haizibi, na ile yenye ufa bado inagonga kila inapozunguka. Kilichoondoka ni ule mchemko wa chini uliokuwa unafunika kila kitu. Besi sasa inasikika ikitembea peke yake, na mahali ambapo wawili wanaimba kwa pamoja unaweza kuwatofautisha.

Zile nzito za kasi ya 78 sizigusi kwa gundi. Zimetengenezwa kwa sheleki, aina ya utomvu mgumu, si vinili, ile plastiki ya santuri za 45. Gundi inaweza kung'ang'ania humo na kung'oa uso wake. Hizo nazipiga brashi laini kavu tu, na spiriti ndiyo sumu yao kubwa, inaziyeyusha.

Zilizokwisha kusafishwa nimezivalisha majalada mapya ya karatasi nyeupe na kuzisimamisha wima, mbali na dirisha la upande wa ziwa. Zilizobaki zinasubiri mvua zikatike, na baba mkubwa ameshapanga ipi ianze.