Siku niliyounguza maharage ya bibi nikiwa baharini

Hii ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nipo darasa la sita, nakaa kwa babu na bibi Tandika. Bibi alikuwa anaenda shughulini kwa jirani akabandika maharage kwenye jiko la mkaa pale uani akaniambia mume wangu, we kazi yako moja tu, maji yakipungua ongeza. Nikasema sawa bibi. Na kweli nilikaa hatua tatu tu kutoka kwenye jiko.

Tatizo nilikuwa na kalenda. Ya mwaka uliopita, zile kubwa za ukutani, nyuma nyeupe pee, penseli inateleza balaa. Nikaanza kuchora jahazi maana babu enzi zake alikuwa baharia, wanapakia boriti za mikoko Rufiji wanapeleka Unguja, na stori zake zote nilikuwa nazo kichwani.

Mwanzoni nachora kawaida tu, ubavu, mlingoti, foromali, ule mti wa kufungia tanga. Nikafika kwenye tanga. Tanga sikulichora, nililishona, yaani vistari vidogo vidogo vya mshono kitambaa kwa kitambaa, na sijui ilikuwa saa ngapi nikawa nimekaa juu ya zile boriti kabisa, zinaniumiza makalio, nasikia kamba zinalia. Baharia mmoja nikamchora anafua maji ngamani, yaani anayachota kule chini ndani ya chombo anayamwaga nje, nikamwambia fanya haraka bwana tunazama. Dada mmoja mpangaji akapita akaniuliza unaongea na nani wewe, hata sikumjibu, namjibuje nipo katikati ya bahari?

Alafu nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Hapa ndo mpaka leo nacheka mwenyewe, sikushtuka hata kidogo. Nikasema ahaa, wanapika. Babu alishanisimulia jikoni kwao ni sanduku lenye mchanga, moto unawashwa humo humo. Nikachora sanduku kule tezi, nyuma ya jahazi, nikachora mafiga, sufuria, na moshi, harufu inavyozidi na mimi ndo nazidi kukoleza penseli, mpaka nikakohoa na nikaona sawa tu.

Kilichonitoa huko ni sauti ya bibi mlangoni. Siku hiyo sikuitwa mume, niliitwa jina langu lote mpaka la ukoo.

Babu akatoka ndani, nikajua sasa ni fimbo. Akaokota kalenda, akavaa miwani, akaitazama weee, bibi huku anafoka.

"Mjukuu wangu, huyu nahodha wako anaenda wapi?"

"Unguja babu."

"Kwa upepo gani?"

"Kusi, ule wa kutoka kusini."

"Haya, tanga limejaa kwenda mbele, vizuri. Sasa mbona moshi unarudi Rufiji?"

Kumbe niliuchora kama wa treni. Nikachukua kifutio, haukufutika vizuri maana nilishaukoleza mno, nikachora mwingine unaoelekea omo, mbele ya chombo, basi jahazi langu likawa na moshi wa pande mbili. Usiku tukala ugali na yale maharage ya juu juu yaliyookolewa, yananuka moshi hatari, babu anatafuna taratibu anasema haya sasa ndo maharage ya chomboni. Bibi hakucheka.