Sikio la kushoto, Pasaka ya 2015

Februari 2015, Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, tulishuka Ziwa Kivu upande wa Nguba kama tulivyozoea. Bukavu jua likiwaka mchana, vijana hawabaki mlimani. Karibu na ufuo ilikuwa imefungwa boti kubwa ya mbao, na watu walikuwa wakirukia majini kutoka ukingoni mwake. Nikapanda na mimi. Wakati wa kuruka, mguu uliteleza kwenye ubao uliolowa, nikaanguka kiubavu. Upande wa kushoto wa kichwa ndio uliopiga maji kwanza.

Nilisikia mlio mmoja mkavu ndani ya sikio, maumivu makali, kisha kila kitu kikaanza kuzunguka. Kule kuzunguka ndiko ninakokumbuka zaidi. Nilikuwa chini ya maji, macho wazi, na sikujua juu ni wapi. Nilipiga mikono kwenda upande niliodhani una hewa, vidole vikagusa tope. Mwenzangu mmoja anayeimba sauti ya tatu alinishika mkono akanivuta hadi kwenye mawe, na pale nilitapika.

Daktari alinieleza baadaye kilichotokea. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya tundu la sikio, kikipasuka majini, maji ya ziwa ambayo ni baridi kuliko mwili huingia hadi sikio la kati, na jirani yake ndipo kilipo kiungo kinachotunza mizani ya mwili. Baridi ile hukivuruga, na kizunguzungu hakiondoki mpaka maji yapate joto la mwili. Muda huo mfupi unatosha kumzamisha mtu anayejua kuogelea vizuri sana. Tangu siku hiyo, nikisikia watu wakishangaa msibani kwamba marehemu alikuwa hodari wa maji, sishangai nao.

Tulipanda hadi nyumbani Kadutu polepole, nimeziba sikio kwa fulana. Fulana ilikuwa na damu kidogo, iliyochanganyika na maji. Habari ilitutangulia. Nilipofika uani, mama jirani mmoja alikuwa tayari anapasha mafuta kwenye kijiko. Mwingine alisema maji ya kitunguu ndiyo yaliyomponya mtoto wake. Wa tatu, mzee kuliko wote, alishauri aitwe binti yake anayenyonyesha aje anikamulie matone. Walikuwa na upendo wa kweli, na mimi kwa maumivu niliyokuwa nayo ningekubali chochote.

Yaya, dada yangu mkubwa, ndiye aliyekataa. Alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya, na hana sauti ya kupanda. Alisimama mlangoni akasema, "Mama zangu, aksanti sana. Lakini hakuna kitu kinaingia humu. Hata tone." Mama wa mafuta alikunja uso, akabaki na kijiko chake mkononi. Yaya akamletea kiti, akamwomba akae anisimulie habari za kisiwa cha Idjwi alikozaliwa, ili nisahau maumivu. Mama akakaa, akasimulia hadi giza likaingia.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Njiani tulipita duka la dawa kununua vidonge vya maumivu, na muuzaji alitutolea chupa ya matone ya gentamisini, akasema kila mwenye sikio anachukua hiyo. Yaya aliirudisha mezani. Kiwambo kikiwa kizima, matone hayo yanaishia nje. Kikiwa na tundu, yanaweza kupita hadi sikio la ndani na kuharibu sehemu inayosikia, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Daktari alimulika, akatazama kwa muda mrefu. Akanichorea kwenye karatasi: duara lenye upana wa kama sentimita moja, na chini yake, upande wa mbele, tundu lenye kingo zilizochanika. Kiwambo chote, alisema, unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Kisha akachukua uma wa chuma wenye meno mawili, akaugonga kwenye goti lake, akanisimamishia kitako chake katikati ya paji la uso. "Unasikia upande gani?" Nikamwambia kushoto. Moyo ulinishuka, nikadhani hata sikio la kulia, lililokuwa zima, limekufa. Kumbe ilikuwa habari njema. Njia ya hewa ikiharibika huku mshipa wa kusikia ukiwa salama, mtikisiko unaopita kwenye mfupa husikika zaidi upande mbovu. Kama mshipa ndio ungekuwa umeumia, ningesikia kulia.

Dawa aliyonipa ilikuwa kungoja. Matundu mengi ya ajali hujifunga yenyewe kwa wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, mradi sikio libaki kavu na lisiingie usaha. Yasipojifunga, kuna upasuaji wa kuchukua utando kidogo juu ya sikio na kutia kiraka. Mimi nilitaka kidonge, kitu cha kumeza asubuhi na jioni nijue ninatibiwa. Yaya alikielewa hicho, nadhani, ndiyo maana aliifanya ile kazi ya kungoja iwe kazi kweli.

Kila nilipooga, alichukua pamba, akaipaka mafuta ya mgando hadi ikawa nzito, akaziba tundu la nje la sikio bila kuisukuma ndani. Kichwa hakikuoshwa. Kilifutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mvua ya Bukavu ya mwezi wa tatu mnaijua. Nilitembea na kofia ya plastiki na mwavuli juu yake. Makamasi nilikatazwa kuyapenga kwa nguvu, na chafya niliitoa mdomo wazi, maana hewa ikisukumwa kutoka puani hupanda hadi sikioni na kufungua tena kilichoanza kufunga. Siku za mwanzo, hata nikimeza mate vibaya, nilisikia hewa inapiga filimbi ndani ya sikio.

Barabarani nilikuwa mtu wa hatari. Masikio mawili ndiyo yanayokuambia sauti inatoka wapi, na mimi nilikuwa na moja na nusu. Pale Nyawera, pikipiki zikishuka kwa kasi, nilisikia honi nisijue nikimbilie upande gani. Nilijifunza kusimama kabisa, nigeuze shingo mara mbili, ndipo nivuke.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni kwaya. Tulikuwa tunatayarisha nyimbo za Pasaka, iliyoangukia tarehe 5 Aprili, na mimi ni mtu wa besi. Nilipofungua mdomo, sauti yangu ilijaa upande wa kushoto kama mtu anayeimba ndani ya bidoni, yaani dumu, na wenzangu nikawasikia mbali, kana kwamba wako nyumba ya pili. Nilipunguza ili niwasikie, nikapotea. Niliongeza, nikawafunika. Mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo, akaniita pembeni, akanishika bega. "Njoo kila siku, mwanangu, lakini ukae. Usiimbe." Misa ya Pasaka niliisikiliza nikiwa kwenye benchi la nyuma, na walipoingia besi bila mimi, nililia, sioni aibu kulisema.

Siku moja baadaye, mwezi wa nne ukielekea mwisho, nilipiga chafya jikoni, mdomo wazi kama kawaida, na ile filimbi haikuja. Sikumwambia mtu. Nikangoja nyingine. Haikuja tena. Daktari alipomulika aliniambia tundu limejifunga, limeacha kovu jeupe jembamba. Alinitia katika chumba kidogo, vifaa vya kusikilizia masikioni, nikawa nabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Kwenye karatasi, mistari miwili, wa kulia na wa kushoto, ilikuwa karibu kugusana. Akasema kovu bado changa, maji yasubiri wiki nyingine chache.

Pentekoste, tarehe 24 Mei, nilirudi kwenye mstari. Mwalimu alinisimamisha mwisho upande wa kulia, ili sikio la kushoto ndilo liwaelekee wenzangu, na katika wimbo wa kuingilia niliwasikia wote, hadi yule wa sauti ya tatu aliyenivuta majini. Baada ya misa Yaya alinikuta uwanjani, hakusema chochote juu ya nyimbo. Aliniuliza kama asubuhi nilioga na pamba. Nikamwambia ndiyo, akaniambia niendelee nayo mpaka mwezi wa sita.