Ventileta ndani ya chemba ya presha: usiiamini namba ya skrini

Watu wakisikia chemba ya oksijeni yenye presha, kile chumba kinachofungwa na kujazwa hewa kwa presha kubwa ili mgonjwa avute oksijeni, wanawaza wapiga mbizi tu, kumbe humo wanaingia mpaka wagonjwa wa ICU, mtu kazimia kwa moshi wa mkaa au ana gangrini ya gesi (maambukizi yanayoozesha nyama), na kama hapumui mwenyewe basi ventileta, mashine ya kumpumulisha, nayo inaingia naye humo humo. Hili jambo naona halisemwi vya kutosha, mashine inayofanya kazi vizuri kabisa wodini inaweza kumpunja mgonjwa hewa ndani ya chemba na isipige alamu yoyote.

Iko hivi. Presha ikipanda mpaka mara 2.8 ya ile ya kawaida, yaani kama upo mita 18 chini ya bahari, gesi inakuwa nzito mara 2.8. Gesi nzito inapita kwa shida kwenye vali na mipira. Sasa ventileta inayosukuma hewa kupitia tundu dogo kwa nguvu ileile, mtiririko unashuka, ukipiga hesabu pumzi uliyoset mililita 500 inabaki kama 300 hivi!! Na skrini bado inasoma 500, maana sensa yake ilipimwa kwa hewa ya kawaida. Mgonjwa kaboni daioksaidi inampanda taratibu, nje anaonekana kalala tu.

Ndo maana nasisitiza pima hewa inayotoka kwa mgonjwa, kwa kipimo kilichojaribiwa kwenye presha hiyohiyo, angalia na kifua kinavyopanda, ambu bag, ule mfuko wa kumpumulisha mtu kwa mkono, iwe karibu. Kile kibaluni cha mrija wa kooni kijazwe maji ya salaini, maana ukijaza hewa itasinyaa presha ikipanda halafu pumzi zinavuja pembeni.

Moto nao si mchezo. Milan, Italia, mwaka 1997 watu 11 walikufa chemba ilipowaka. Hewa anayotoa mgonjwa ina oksijeni nyingi, ipelekwe nje kwa bomba lake, kiwango ndani kisizidi asilimia 23.5, na betri za lithiamu usiingize kiholela hata kama mwenye mashine anakuambia ni salama.

Wakati wa kushusha presha wengi wanapumzika, wanaona kazi imeisha, ila hapo mambo yanageuka, pumzi ulizoongeza presha ikiwa juu ili kufidia ule upungufu sasa zinakuwa kubwa kuliko mapafu yanavyohitaji na yanaweza kupasuka. Kwa hiyo nesi asibanduke pale, set upya kila hatua mpaka mlango ufunguliwe.