Shoti chesisi, difloki na tope la Marafa: uzoefu wangu

Mwisho wa 2023, zile mvua za El Nino zilipokuwa zinapiga mchana na usiku, mjomba wangu alinipigia simu kutoka shambani kwake, huko ndani kupita Marafa, kaunti ya Kilifi. Paa la nyumba limeng'oka upande mmoja, watoto wanalala kwa jirani, na pikipiki zimekataa kuingia. Nikamwambia mjomba nakuja kesho. Nikapakia mabati 12, bale mbili za unga, misumari na turubai, nikatoka Malindi alfajiri.

Gari langu ni Land Cruiser 70, ile shoti chesisi ya milango miwili, ya dizeli, na ina difloki za kampuni mbele na nyuma, yaani vifaa vya kufunga difu (ile gia ya ekseli inayogawa nguvu kwa tairi mbili) ili tairi zote mbili zizunguke sawasawa. Kwa wasioijua, kwenye dashibodi kuna kifungo cha kuzungusha: ukikizungusha mara moja unafunga difu ya nyuma, ukiendelea unafunga na ya mbele. Taa inaanza kupepesa, na haitulii mpaka meno yashikane kweli kule chini. Hiyo taa ndiyo nataka kuizungumzia sana kwa sababu nilikuwa nayo miaka minne nikidhani naielewa.

Kwenda hakukuwa na shida. Nilivuka daraja la Sabaki, nikakata kushoto, fowili hai (tairi zote nne zinasukuma, gia za kasi), gia ya pili na ya tatu, polepole, mzigo uko nyuma unalikandamiza gari na tairi zinauma. Mpaka saa tano mabati yako chini. Tukapiga misumari pamoja na mjomba na vijana wake, tukala, na saa tisa mvua ikarudi. Mjomba akaniambia lala, mwanangu, hii njia ikilowa mara ya pili si njia tena. Nikamwambia nina difloki mbili, mjomba, usiwe na wasiwasi.

Sasa hapo nje kidogo ya kijiji kuna kipande cha kama mita mia mbili ambacho barabara imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe halafu inalala upande wa kushoto, na kushoto kuna mtaro. Udongo wa pale ni ule wa kufinyangia vyungu, ukilowa unakuwa kama sabuni. Nilihisi gari linaanza kucheza, nikasema niwahi, nikafunga difu ya nyuma palepale, taa ikapepesa ikatulia, nikakanyaga mafuta kidogo. Wallahi sikupata hata muda wa kushangaa. Matako ya gari yakaanza kuteremka kushoto, taratibu kabisa, kama mtu anayekuvuta shati, pua ikageukia kulia, nikarudisha usukani, halikujali, na tairi la nyuma likaingia mtaroni mpaka kwenye ekseli.

Nilikaa pale ndani na mvua inapiga bati, nikafikiria. Na jibu likaja lenyewe nilipochungulia alama za tairi. Difu ikiwa wazi, tairi moja likiteleza linazunguka bure, lakini lile jingine halipewi nguvu, linatambaa tu, na kwa kuwa linatambaa linashika ardhi upande kwa upande, linakuwa kama nanga. Ukifunga difu yote mawili yanazunguka sawasawa, na kwenye ardhi kama ile yote mawili yanateleza kwa pamoja, ina maana nanga umeikata mwenyewe. Nyuma haina kitu kinachoizuia isiende kule ardhi inakolalia. Sasa weka juu yake hesabu ya ufupi wa gari: kutoka tairi la mbele hadi la nyuma langu lina milimita 2310, pikapu ya Land Cruiser 79 ina 3180. Ile ndefu ikianza kuserereka unapata nafasi ya kuirudisha, fupi inazunguka kama pia.

Mzee mmoja jirani ya mjomba alikuja na jembe na kijana wake, hata hakuniuliza naitwa nani. Akasema, "Mwanangu, usikanyage tena, utajizika. Tukate ukingo kwanza." Tukakata ukingo wa mtaro ukawa mteremko, tukaondoa tope mbele ya tairi zote nne, kijana akaleta makuti makavu na matawi. Mimi nikapunguza upepo kutoka pauni 32 hadi 16, tairi likalala likawa pana kama andazi. Hiki kitu nakisisitiza, kupunguza upepo kulinisaidia kuliko kile kifungo.

Halafu ndipo nikafunga difu, safari hii gari limesimama, usukani umenyooka, fowili lo (zile gia za nguvu na za polepole), gia ya pili. Nikasogeza nusu mita taa ikatulia. Nikaachia klachi bila papara, mafuta kidogo sana, tairi zikatafuna makuti, gari likapanda taratibu mpaka kwenye mgongo wa barabara. Ya mbele sikuigusa, maana ukifunga ya mbele usukani unakuwa jiwe, gari linataka kwenda moja kwa moja tu, na kona ndogo tu unaweza kuvunja joint za ekseli ya mbele.

Nilipofika juu nikaifungua palepale. Na hapa wengi wanakosea: unazungusha kifungo, taa inabaki inawaka, mtu anaendelea akidhani imefunguka. Meno yanakuwa yamebanwa na mvutano. Inabidi utembee mita chache na uucheze usukani kushoto kulia kidogo, utasikia "tak" chini, taa inazimika. Nikasubiri ile tak ndio nikaondoka.

Kipande kilichobaki nilikipita difu ziko wazi, tairi mbili kila upande wa mgongo, sipandi spidi ya mtu anayetembea. Kwenye mteremko wa kuingia lagha, yaani mkondo wa mto wa msimu, sikushika breki kabisa. Gia ya kwanza lo nayo sikuitaka kwa sababu inazuia tairi kupita kiasi mpaka zinasimama na kuteleza, nikatumia ya pili, na nyuma ilipotaka kunipita nikaongeza mafuta kiduchu ikajinyoosha. Mkono unataka kuamini breki, lakini mguu inabidi ukatae.

Usiku ule nilimhadithia shemeji yangu, anaishi Italia milimani huko, na anaendesha gari kama langu, sabini fupi. Akaniambia, shemeji, umenieleza theluji yangu. Yeye hufunga difu ya nyuma akitoka kwenye maegesho tu, pale theluji ilipojaa na tairi moja likaning'inia, akishashika barabara anafungua, kwa sababu barabara za mlimani nazo zimelala upande na chini kuna bonde, si mtaro. Na wakati wa kushuka difloki haikusaidii kusimama hata kidogo, barafu haijui una fowili. Kule sheria za barabara nyingi zinakutaka uwe na tairi za baridi au minyororo garini kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili, na yeye hubeba vyote viwili. Tofauti moja aliyonipa: theluji laini ikishindiliwa chini ya tairi inashika kidogo, udongo wetu ukishindiliwa ndio unazidi kuteleza, na unajaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini kama kipara.

Nirudi kwenye safari: nilipofika lami nikajaza upepo kwa pampu ya betri, nikaanza kukimbia, na kwenye sitini usukani ukaanza kutetemeka vibaya. Moyo ukanipasuka, nikajua nimevunja kitu. Nikasimama nikamulika na tochi: tope lilikuwa limekauka ndani ya rimu upande mmoja, donge zima. Nikakwangua kwa kijiti tairi moja baada ya jingine, ikachukua kama nusu saa, mtetemo ukaisha. Mjomba akapiga simu kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia niko daraja la Sabaki, mjomba, na yule mzee wa jembe mwambie Jumamosi nakuja na debe la mafuta ya taa na sukari yake.