Ninavyoandaa somo la Sabato kutoka parasha ya wiki

Sinagogi yetu haina rabi. Sisi ni Wayahudi wachache wa nyanda za juu za Kenya, wengi wakulima wa viazi, na kila Jumamosi Torati ikishasomwa mmoja wetu husimama kutoa somo. Zamu yangu ya kwanza iliangukia parasha, yaani fungu la Torati la wiki, iitwayo Ki Tetze, na ndiyo iliyonifunza kazi hii.

Torati imegawanywa parasha 54 ili isomwe yote ndani ya mwaka. Ki Tetze, katika Kumbukumbu la Torati, inaanzia 21:10 na kuishia na sura ya 25, na kwa hesabu iliyozoeleka ina amri 74. Kuna ukuta wa kuzuia mtu asianguke kutoka darini, ndege na makinda yake, mizani ya haki, mali ya jirani iliyopotea. Ukizigusa zote, watu wataondoka mikono mitupu.

Nilifuata desturi ambayo Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, inaitaja katika kitabu chake cha Berakhot, ukurasa wa 8a: parasha isomwe mara mbili kwa Kiebrania na mara moja kwa tafsiri. Tafsiri iliyokusudiwa ni ya Kiaramu, iliyoeleweka na watu wa enzi hizo. Mimi huongeza Biblia ya Kiswahili. Nasoma kidogo kidogo, kila jioni nikishakama ng'ombe. Mara ya kwanza ulimi unahangaika na herufi tu. Mara ya pili ndipo aya fulani inakataa kuniachia.

Safari hii ilikuwa 24:15: kibarua apewe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea. Kitabu kingine cha Talmudi, Bava Metzia, ukurasa wa 112a, kinauliza: kwa nini mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akajihatarisha hata kufa, kama si kwa ajili ya ujira wake? Nilimfikiria kijana anayepanda mikaratusi yetu kukata matawi, kamba moja tu kiunoni.

Nikaendelea hadi Mishna, sheria za kale ambazo Talmudi inazifafanua, na hapo nilikaa sana. Inasema mwenye kazi hahesabiwi kuvunja amri hii ikiwa kibarua hakudai. Lakini vibarua wa kwetu hawadai! Anasimama langoni, anakohoa, anasema, "Haya mzee, tuonane kesho." Nani atathubutu kudai kwa mtu anayemtegemea kwa kazi ya kesho?

Jibu nililipata katika Bava Metzia hiyohiyo, ukurasa wa 83a. Wachukuzi walivunja pipa la divai la tajiri wao, naye akawanyang'anya nguo. Wakaenda kwa Rav, mmoja wa walimu wakuu wa Talmudi, naye akamwambia tajiri awarudishie. "Ndiyo sheria?" Ndiyo, akajibiwa kwa maneno ya Mithali 2:20, juu ya kwenda katika njia ya watu wema. Wachukuzi wakalia kwamba ni maskini, wamefanya kazi mchana kutwa, wana njaa. "Walipe na ujira wao," Rav akaamua. "Hiyo nayo ni sheria?" Ndiyo! Naipenda hukumu hii kuliko zote nilizosoma. Kwa Rav, njaa ya mchukuzi ni hoja mbele ya hakimu.

Basi Jumamosi nilisema hayo tu: aya moja, swali la Mishna, wachukuzi. Sikuwaambia watu wafanye nini. Shosho mmoja ndiye aliyeinua mkono: "Na Ijumaa je, mjukuu wangu? Sabato ikiingia hatushiki pesa, hata za simu."

Tulijadiliana hadi chakula kikapoa. Tukakubaliana vibarua wa Ijumaa waache kazi saa tisa, walipwe papo hapo kwa siku nzima. Shosho hakuridhika mpaka tulipoongeza kwamba anayelipa kwa simu atalipia na ada ya kuzitoa.