Nilivyotoa hita ya nyuma kwenye Hiace yetu bila kuiumiza injini

Hiace nyingi zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani huja na hita mbili. Ya mbele iko ndani ya dashibodi. Ya nyuma imefichwa kwenye kasha la bati chini ya kiti, na ni ya kuwapasha joto abiria wa nyuma huko kwenye theluji kama Hokkaido. Sisi tulikuwa tunaigeuza yetu, yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KZ-TE, iwe gari la kulala safarini: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji. Kasha lile lilikaa palepale tulipotaka tangi likae.

Nafasi haikuwa shida peke yake. Kasha lilikuwa la moto hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu swichi ya hita yetu huzima feni tu. Maji ya injini yanaendelea kupita kwenye rejeta ndogo iliyomo ndani, saa zote, na joto linapanda hadi kwenye godoro. Ukiegesha Bagamoyo mwezi wa Februari baada ya kuendesha mchana kutwa, usingizi huupati.

Fundi wetu, kijana mchapakazi, alikuwa na jibu tayari. "Dada, hapa tunakata bomba, tunakunja mpira, tunafunga waya, biashara imeisha." Nimeona magari mengi yaliyofanyiwa hivyo na mengine yanatembea mpaka leo. Lakini 1KZ ina silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kuyeyusha, na hedi hiyo ikipata joto kali mara moja tu inaweza kupasuka. Bei ya hedi nzima si ya kuchezea. Nikamwambia, "Fundi, kabla hatujakata chochote, tulale chini tulifuate bomba mpaka linakoanzia."

Tuliyoyaona kule chini ndiyo yaliyonishawishi kwamba hita itoke hata kama tusingehitaji nafasi. Mabomba mawili ya chuma yanatoka kwenye injini, yanapita chini ya sakafu hadi nyuma, yameshikwa na vibano. Huko Japani barabara za theluji humwagiwa chumvi, na chumvi ilikuwa imeshafanya kazi yake. Juu ya kibano kimoja nilikwangua kwa bisibisi, kutu ikabanduka kama magamba ya samaki, na pembeni yake kulikuwa na ukoko wa waridi uliokauka. Hiyo ilikuwa kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Bomba lilikuwa linatoa jasho polepole, kiasi kidogo kisichoacha hata tone sakafuni, na lingepasuka siku ambayo tuko mbali na fundi yeyote.

Kitu cha kuangalia kabla ya kushika spana ni jinsi hita ya nyuma ilivyounganishwa na ya mbele. Kwenye gari letu, kila mpira wa hita ya mbele una kiungo cha T: maji yanagawanyika, sehemu inakwenda mbele, sehemu nyuma, halafu yanakutana tena kurudi kwenye pampu. Mpangilio huo ni rahisi, kwa sababu ukiondoa tawi la nyuma, la mbele linabaki na mzunguko wake kamili. Yapo magari ambayo maji hupita hita moja kwanza, kisha ya pili. Huko ukiziba umekata njia yote, kwa hiyo ni lazima uunganishe mpira wa kwenda na wa kurudi. Msimwamini mtu anayewaambia "zote ni sawa" kabla hajalala chini ya gari lenu.

Tulisubiri injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto; maji yaliyoko ndani yamebanwa na yataruka usoni. Tulikinga kulanti yote kwenye beseni, kwa sababu ni sumu na ina ladha tamu. Gereji ya mtaani ina kuku, mbwa na watoto, na kuimwaga kwenye mtaro ni hatari kwao wote.

Kuhusu zile T, hapa mimi na fundi tulibishana kidogo. Yeye alitaka ziachwe, kila mguu uliobaki wazi uvalishwe kipande cha mpira chenye bolti ndani na klipu juu. Inawezekana, ila unabaki na viziba viwili vya mpira vinavyozeeka kwenye joto, mahali usipopaona. Nilinunua mpira wa hita wa milimita 16 kwa ndani, tukazitoa T zote mbili na kuweka mpira mmoja mzima usio na kiungo kwa kila upande. Tuliupitisha mbali na turbo na ekzosi, bila kuukunja mahali popote. Hita ya mbele tuliiacha makusudi. Njombe na Mufindi mwezi wa Julai kuna baridi ya kweli, na kioo kikiingia ukungu alfajiri ni hita hiyo inayokifuta.

Wengi huuliza kama injini itapoa vibaya baada ya hapo. Kazi ya kupoza ni ya rejeta kubwa, feni, pampu na themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto). Hita ya nyuma iliyozimwa feni haisaidii chochote cha maana. Kinachobadilika ni kwamba maji kwenye mfumo yanapungua, kwetu kama lita mbili, na hewa inaingia wakati wa kufungua. Hewa hiyo ndiyo adui. Ikijikusanya kwenye hedi, sehemu ile inakauka na kuungua, na sensa ya joto ikiwa hewani badala ya majini, mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza kukaa umetulia huku injini inakufa.

Kwa hiyo muda mwingi tuliutumia kwenye kujaza. Tuliegesha pua ya gari ikitazama juu ya kilima ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu, tukaweka hita ya mbele kwenye moto mkali, tukamimina kulanti na maji safi nusu kwa nusu, polepole, tukiminya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo. Tukawasha injini mfuniko ukiwa wazi hadi themostati ilipofunguka, kiwango kikashuka ghafla, tukaongeza, tukafunga. Asubuhi yake injini ikiwa baridi tukaongeza tena kidogo. Kama mapovu yasingekoma kabisa, ningeshuku gasketi ya hedi.

Fundi alipendekeza pia tuitupe themostati, "maana huku ni joto." Nilikataa. Bila hiyo injini inachelewa kufikia joto lake la kazi, inakula mafuta, na haipozwi kwa mpangilio uliokusudiwa. Tuliweka mpya yenye namba 82 iliyogongwa kwenye chuma, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, pamoja na mfuniko mpya wa rejeta wa shinikizo la bar 0.9. Mfuniko huo unadharauliwa sana. Maji matupu Iringa mjini, kwenye urefu wa kama mita 1,600, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yakibanwa na mfuniko mzima yanavumilia hadi zaidi ya 110.

Sakafuni palibaki matundu mawili mabomba yalipopita. Msiyaache. Moshi wa ekzosi huingia humo, na ndani ya gari watu wanalala. Tulikwangua kutu, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaziba kwa bati na silanti juu na chini. Fyuzi ya feni ya nyuma tuliitoa na nyaya tukazifunga ncha.

Mtihani ulikuwa mlima Kitonga, mchana, tangi la maji limejaa, nyuma ya malori yanayopanda kwa mwendo wa kutambaa. Nilikuwa nimefunga geji ya joto ya pembeni yenye sensa kwenye hedi. Ilipopanda hadi nyuzi 97 nilizima kiyoyozi, nikashusha gia, nikafungua hita ya mbele hadi mwisho na madirisha yote. Hita ni rejeta ndogo, na hapo ndipo unapoihitaji. Tulitoka jasho wote ndani, ila namba ilirudi 91 kabla hatujafika juu. Ilula tulisimama kununua vitunguu, nikaangalia tangi la akiba la kulanti: kiwango kilikuwa kwenye alama, mipira mipya mikavu.