Neno la Bhai

Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa pale Ngara, Nairobi. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa huku huku. Baba alimwita Bhai, naye alimwita baba Fundi. Mteja alinunua kitambaa ndani, akashonewa nje, na jioni cherehani iliingizwa dukani ikalala pamoja na majora.

Siku za likizo nilishinda pale, nikiokota vifungo na kutia makaa kwenye pasi. Ndipo nilipolisikia neno lut. Bhai alikuwa nalo kutwa. Mama mteja akitaja bei yake, Bhai alijishika kichwa kwa mikono miwili: “Mama, hiyo si bei, ni lut hiyo!” Mama akicheka, na yeye akicheka, kisha mkasi unapita kwenye kitambaa. Ushuru ukipanda, lut. Kijana wa dukani akimaliza biskuti za chai, lut. Hata mimi, siku niliyoomba chaki mbili badala ya moja, niliitwa mtoto wa lut. Nilidhani ni jina la utundu tu, jambo ambalo mtu hukemewa huku anachekewa.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 tuliamshwa na risasi. Tulikaa Majengo, Pumwani, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh ni jirani. Redioni, sauti ya Leonard Mambo Mbotela, tuliyoizoea kwa kututangazia mpira, ilisema serikali imepinduliwa. Baadaye ilijulikana kwamba wanajeshi walimlazimisha kusoma vile. Siku hiyo hiyo askari watiifu kwa Rais Moi waliikomboa redio, lakini kwa saa kadhaa mji haukuwa na mwenyewe.

Nilichungulia dirishani. Mtu alipita na jora begani, ncha yake inaburura vumbini. Mwingine alikumbatia redio mbili. Kijana wa mtaa wetu alikuja na gunia la viatu, na alipolimwaga barazani vyote vilikuwa vya mguu wa kulia, vile vya kuwekwa kwenye kioo cha duka. Watu walicheka sana. Baba hakucheka. Macho yake yalikuwa yanalifuata lile jora.

Siku chache baadaye alikwenda Ngara, nami nikafuatana naye, maana mama aliona askari hawatamsumbua sana mtu mwenye mtoto. Mlango wa chuma ulikuwa umepindwa kuanzia chini kama kifuniko cha mkebe. Rafu tupu. Vifungo vimezagaa sakafuni, kila hatua unavisikia vinapasuka. Cherehani ya baba ilikuwa imeng'olewa kichwa. Ilibaki miguu yake ya chuma, na mkanda wa ngozi unaning'inia. Baba alivuta kigoda, akakaa, akaweka mguu kwenye kanyagio, akakanyaga. Gurudumu likazunguka vizuri tu, na juu yake hakuna kitu.

Bhai alisimama nyuma ya kaunta ameshika fimbo yake ya kupimia wari. Nilimtazama mdomoni. Nilikuwa na hakika atalisema lile neno, kwani kama si sasa, lini?

“Wamechukua, Fundi,” alisema. Kisha tena, taratibu: “Wamechukua.”

Hakusema zaidi. Yaliyozipata familia nyingine za Kihindi ndani ya nyumba zao siku ile, hata wanawake kunajisiwa, watu wazima waliyasema kwa kunong'ona, na mimi niliyaelewa nilipokuwa mkubwa.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa Kiingereza aliandika loot, yaani kupora, ubaoni, akasema magazeti yamejaa neno hilo. Nikanyoosha mkono: mwalimu, hilo si la Kiingereza, ni la Bhai. Darasa likaangua kicheko, nikaambiwa nikae. Lakini nilisema kweli. Waingereza walilitoa kwenye Kihindi katika karne ya 18, enzi ambazo Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ilikuwa inaikamua Bengal. Baada ya Kampuni kushinda vita vya Plassey vya 1757, hazina ya Murshidabad, mji mkuu wa Bengal, ilipakiwa kwenye mashua ikapelekwa Calcutta. Leo kwa Kiingereza hicho hicho hata zawadi za mtoto aliyetimiza miaka sita huweza kuitwa loot, kwa utani.

Mimi sasa ni mfasiri, na neno hilo kila likinijia nasimamisha kalamu. Hapa ni pora? Ni ngawira? Ni nyara? Tanzania ukikutwa na pembe za ndovu unashtakiwa kwa kukutwa na nyara za serikali, na neno la vitani limekuwa jina la mali ya umma. Nasi tunasema timu imeporwa ushindi, fulani kaporwa mchumba. Simlaumu anayesema hivyo. Ila mimi, nikiliandika kwenye habari ya mpira, naliona lile gurudumu.

Zilipoanza habari za polisi kupita nyumba kwa nyumba wakidai risiti, watu wa Majengo walitupa mali usiku, na asubuhi mitaro ilikuwa na vitambaa vilivyolowa maji machafu. Hakuna aliyemrudishia Bhai hata wari moja. Ndugu zake walihamia Uingereza. Yeye alibaki, akakopa mali kwa wenzake, na baba akakodi kichwa cha cherehani, akakifunga juu ya miguu ile ile.

Likizo ya Desemba nilikuwa pale barazani. Akaja mama mmoja, mteja wa zamani, mtoto mgongoni. Akashika poplini ya buluu, akaipapasa, akataja bei ya chini kabisa. Nje, mguu wa baba ulisimama.

Bhai alijishika kichwa kwa mkono mmoja, wa pili una fimbo.

“Mama, hiyo si bei,” alisema, “hiyo ni...” Akanyamaza, anatazama kitambaa.

“Ni lut,” akasema yule mama kwa upole. “Haya, nipimie, Bhai. Nitaongeza.”

Bhai akalaza fimbo juu ya poplini, na kule nje nikasikia kanyagio la baba likianza tena.